Hisa, Bei na Mchezo: Historia ya Masoko ya Kasese na Bwera

Katika eneo la Kasese na Bwera, magharibi ya Uganda, kati ya milima ya Rwenzori, Ziwa Edward na mpaka wa Kongo, wakazi wamezoea kwa vizazi vingi bei inayopanda na kushuka, na kwa miongo kadhaa wamezoea pia hisa, yaani sehemu ya mali ya pamoja inayomilikiwa na mtu mmoja. Hata hivyo, mambo hayo mawili yalikaa mbalimbali kwa muda mrefu: bei iliyobadilika ilikuwa ya chumvi, kahawa na fedha za kigeni, ilhali hisa waliyoishika wenyewe ilikuwa na bei moja tangu mwanzo wa mwaka hadi mwisho. Hisa yenye bei inayobadilika ilikuwapo, tena ilitokana na utajiri wa milima hiyo hiyo, lakini wenye kuishika walikaa Kanada, Ulaya na Nairobi. Mchezo wa kuigiza soko la hisa mtandaoni, ambamo mshiriki hupewa fedha za kubuni ili anunue na kuuza hisa za kampuni halisi kwa bei halisi, ni sura ya karibuni katika historia hiyo, na namna unavyofanya kazi hueleweka vizuri zaidi ukitazamwa pamoja na yale yaliyoutangulia.

Somo la kwanza la bei lilitoka Katwe, kwenye ziwa dogo la volkeno ambalo chumvi yake ilikuwa mali ya kugombewa na watawala wa eneo zima. Ufalme wa Bunyoro ulikuwa umelishika ziwa hilo kabla Kapteni Frederick Lugard, Mwingereza, hajafika mwaka 1891 na kujenga ngome iliyoitwa Fort George, kwa kuwa aliyeishika chumvi ya Katwe alishika biashara iliyovuka hadi Kongo, Ankole na Toro. Kandokando ya ziwa, wachimbaji walitenga vidimbwi kwa kuta za tope, kila kidimbwi kikiwa na mwenyewe anayejulikana, ambaye aliweza kumrithisha mwanawe au kumpa mwingine akifanyie kazi kwa sehemu ya mavuno. Chumvi huganda jua linapokausha maji, na mvua ikinyesha kwa wingi maji ya chumvi hupungua ukali, mavuno yakasimama na bei ikapanda. Kwa hiyo mwenye akiba ya chumvi kavu alipaswa kuamua kama auze leo au angoje mvua, akijua kwamba kiangazi kikirefuka kuliko alivyotazamia, wachimbaji wote watakuwa na chumvi na subira yake itamtia hasara. Uamuzi wa namna hiyo, wa kushika au kuachia mali kwa kukisia bei ya kesho, ndio kiini cha kila soko la hisa, ijapokuwa huko Katwe haukuhitaji karatasi wala dalali.

Somo la pili lilitoka katika kahawa ya miteremko ya Rwenzori, ambako Wakonzo hulima aina ya arabika. Sehemu kubwa ya kahawa hiyo ilikaushwa juani pamoja na ganda lake na kuuzwa kwa jina la kibiashara la drugar, na bei yake ilifuata mambo yaliyotokea mbali sana, kwa sababu bei ya arabika duniani hupangwa katika soko la New York, lililoanzishwa mwaka 1882. Mfumo wa kimataifa wa kugawana kiasi cha kahawa kinachouzwa ulipovunjika Julai 1989, bei iliporomoka duniani kote, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ya Uganda ilifungua biashara hiyo kwa wanunuzi binafsi baada ya miaka mingi ya bodi moja kununua yote. Tangu hapo mkulima alikutana uso kwa uso na mabadiliko ya bei ambayo zamani yalikwama kwenye ofisi za bodi.

Ndani ya biashara hiyo kuna desturi inayostahili kutazamwa kwa karibu, nayo ni kuuza kahawa ikiwa bado maua. Mkulima mwenye shida ya ada ya shule au ya matibabu humwendea mchuuzi miezi kadhaa kabla ya mavuno, mchuuzi akaitazama mibuni iliyochanua, akakadiria magunia yatakayopatikana, akatoa fedha papo hapo kwa bei iliyo chini sana ya ile itakayokuwapo wakati wa kuchuma. Bei ikipanda, faida yote ni ya mchuuzi. Ugonjwa au mvua ya mawe ikiharibu matunda, mkulima hubaki na deni. Wataalamu wa masoko huuita mpango wa jinsi hii mkataba wa mauzo ya baadaye, na katika masoko makubwa hutumika kumkinga mzalishaji asiumizwe na bei. Tofauti ni kwamba katika miteremko ya Rwenzori upande mmoja una fedha na habari, na upande wa pili una haja tu. Vyama vya wakulima vya eneo hilo vimepigana na desturi hiyo kwa kuwapa wanachama mikopo ili wasilazimike kuuza maua.

Hisa yenye bei ya soko iliingia Kasese kwa njia ya shaba. Kampuni ya Kilembe Mines iliundwa mwaka 1950, mtaji wake mkubwa ukitoka kwa kampuni za Kanada, kwanza Frobisher na baadaye Falconbridge, huku shirika la maendeleo la serikali ya Uganda likishika sehemu ndogo. Reli kutoka Kampala ilifika Kasese mwaka 1956, na mji wenyewe ulikua kuizunguka stesheni, kwa sababu shaba iliyochimbwa Kilembe ilibebwa kwa treni hadi Jinja kuyeyushwa kwa umeme wa Maporomoko ya Owen. Kwa muda wa miaka ya 1960 shaba ilikuwa ya tatu miongoni mwa mauzo ya nje ya Uganda, ikitanguliwa na kahawa na pamba. Mchimbaji alilipwa mshahara, akapewa nyumba katika kambi na kupata matibabu katika hospitali ya mgodi, lakini hakuwa na hisa. Bei ya shaba iliyopangwa London, katika soko la metali lililokuwapo tangu 1877, ilimfikia kwa njia ya kuajiriwa au kupunguzwa kazini. Bei hiyo ilipoporomoka katikati ya miaka ya 1970, wakati mgodi umeingia mikononi mwa serikali na vipuri vimekuwa adimu chini ya utawala wa Idi Amin, uchimbaji ulidhoofika hadi ukasimama mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mji uliojengwa juu ya shaba ukabaki na reli isiyokuwa na mzigo.

Saruji ya Hima, kaskazini ya mji wa Kasese, inaonyesha jambo lilo hilo kwa namna iliyo wazi zaidi. Kiwanda hicho kilikuwa cha serikali kabla ya kubinafsishwa katika miaka ya 1990, na mwaka 1999 kikawa chini ya Bamburi Cement ya Kenya, kampuni ambayo hisa zake zilikuwa zikiuzwa katika soko la Nairobi tangu 1970. Kuanzia hapo, chokaa iliyochimbwa Kasese iliingia katika hesabu za faida zilizosomwa na wawekezaji wa Nairobi, na mwalimu wa Nakuru au mstaafu wa Mombasa mwenye hisa za Bamburi alikuwa na sehemu, hata kama ndogo, ya kilima cha Hima, wakati jirani wa kiwanda hakuwa nayo isipokuwa awe amefungua akaunti kwa dalali wa Kenya. Hali hiyo ilidumu hadi mwaka 2024, Bamburi ilipomaliza kuuza sehemu yake ya kiwanda kwa makampuni ya Sarrai na Rwimi, katika mauzo yaliyokithamini kiwanda chote dola za Marekani milioni 120.

Hisa ambayo wakazi waliijua kwa mikono yao ilitoka katika ushirika. Sheria ya vyama vya ushirika ya mwaka 1946 iliwaruhusu wakulima wa Uganda kuunda vyama vyenye wanachama wanaonunua hisa, na katika nyanda za Kasese vyama vya pamba vilijengwa juu ya msingi huo. Hisa ya ushirika ina bei iliyoandikwa katika katiba ya chama, haiuzwi sokoni, na mwenye hisa mia moja ana kura moja sawasawa na mwenye hisa tano. Utaratibu huo ulirudi kwa nguvu mwishoni mwa karne ya 20, hasa katika chama cha Bukonzo Joint chenye makao yake Kyarumba, kilichounganisha akiba, mikopo na kahawa, na ambacho kilijulikana nje ya Uganda kwa njia yake ya kuwafundisha wakulima, wakiwamo wasiojua kusoma, kuchora mipango ya mapato ya nyumba zao ili mume na mke wakubaliane juu ya matumizi ya fedha za kahawa.

Chini ya vyama hivyo kuna vikundi vya kuweka na kukopa vinavyotunza fedha katika sanduku. Mtindo huo ulianzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991 na kuenea Uganda mwishoni mwa muongo huo. Wanakikundi, kwa kawaida kati ya 15 na 30, hukutana kila wiki. Sanduku la chuma lina kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu tofauti ili mmoja asiweze kulifungua peke yake. Kila mwanachama hununua hisa kuanzia moja hadi tano, na mwandishi hugonga muhuri mmoja katika kitabu chake kwa kila hisa, jambo linalomwezesha hata asiyejua kusoma kuhesabu akiba yake. Ikichukuliwa kwa mfano kwamba hisa moja ni shilingi 2,000, mwanachama anayenunua hisa tatu kila wiki kwa wiki 50 atakuwa na mihuri 150, yaani shilingi 300,000. Kikundi cha watu 25 kikifanya hivyo kitakuwa na hisa 3,750 zenye thamani ya shilingi 7,500,000, na riba ya mikopo ikileta shilingi 1,500,000, siku ya kugawana kila hisa itarudi na shilingi 2,400 na mwanachama huyo ataondoka na 360,000. Ndani ya mzunguko huo bei ya hisa haibadiliki kamwe, hakuna anayeweza kumuuzia mwenzake hisa zake, na faida hutokana na riba ambayo wanachama wenyewe wamelipana.

Wakati vikundi hivyo vilipokuwa vikienea vijijini, Kampala ilikuwa ikijenga soko la aina nyingine. Mamlaka ya Masoko ya Mitaji iliundwa kwa sheria ya mwaka 1996, Soko la Hisa la Uganda likapewa leseni mwaka 1997, na biashara ikaanza Januari 1998 kwa hatifungani ya Benki ya Maendeleo ya Afrika Mashariki. Hatifungani ni cheti cha mkopo ambao mwenye kuukopesha hulipwa riba kwa muda uliopangwa. Hisa za kwanza, za kiwanda cha matofali na vigae cha Uganda Clays, ziliorodheshwa mwaka 2000. Umma uliingia kwa wingi zaidi Benki ya Stanbic ilipouza hisa zake kwa shilingi 70 moja na kuorodheshwa Januari 2007, ikafuatiwa na kampuni ya umeme ya Umeme mwaka 2012 kwa shilingi 275, MTN Uganda mwaka 2021 kwa shilingi 200, na Airtel Uganda mwaka 2023 kwa shilingi 100. Uuzaji wa hisa za MTN ndio uliovunja umbali wa Kasese kwa namna iliyoonekana, kwa kuwa ombi la kununua liliweza kutumwa kwa simu ya mkononi na malipo yakafanywa kwa fedha za simu, bila safari ya basi hadi Kampala kumtafuta dalali. Hivyo mwanachama wa kikundi cha sanduku aliweza kushika hisa ambayo siku ya pili ingeweza kuwa na bei nyingine. Akaitazama kwa mazoea ya sanduku, akitarajia kwamba alichoweka hakiwezi kupungua. Ni pengo hilo la uelewa ambalo mchezo wa kuigiza soko unaweza kuliziba.

Mchezo wenyewe haukuanzia Afrika Mashariki. Nchini Marekani, mashindano ya shule yanayoitwa Stock Market Game yalianza mwaka 1977, ambapo timu za wanafunzi hupewa dola 100,000 za kubuni, na intaneti ilipoenea yalihamia mtandaoni. Katika eneo la Waswahili, Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza biashara mwaka 1998, lilianzisha mwaka 2014 shindano la uwekezaji kwa wanafunzi wa vyuo, ambalo washiriki hufanya biashara ya kuigiza kwa simu au kompyuta, na Soko la Nairobi nalo limekuwa na shindano la namna hiyo kwa vijana wa vyuo vikuu.

Msingi wa mchezo ni akaunti yenye fedha zisizo za kweli na orodha ya bei zilizo za kweli. Programu huchukua bei kutoka soko halisi, mara nyingi zikiwa zimechelewa kwa dakika kadhaa, na kumwonyesha mshiriki bei mbili kwa kila hisa, ile ambayo wanunuzi wako tayari kutoa na ile ambayo wauzaji wanadai. Jambo hilo halihitaji maelezo marefu kwa anayefika Mpondwe, mpakani karibu na Bwera, siku za soko za Jumanne na Ijumaa, ambako umati huvuka mto Lhubiriha kutoka Kasindi na wabadilisha fedha hukaa na mafungu ya shilingi, faranga za Kongo na dola. Kila mmoja wao ana bei ya kununulia faranga na bei ya juu zaidi ya kuziuzia, tofauti kati ya hizo ndiyo riziki yake, na siku ambayo wateja wa Kongo ni wachache tofauti hiyo hupanuka. Katika soko la hisa tofauti hiyo ina maana ile ile: ikiwa ndogo, hisa inanunuliwa na kuuzwa kwa wepesi, ikiwa kubwa, anayeingia ameanza na hasara kabla bei haijasogea.

Mshiriki hutoa agizo la namna moja kati ya mbili. Agizo la bei ya soko humaanisha kwamba yuko tayari kununua au kuuza kwa bei yoyote iliyopo wakati huo, na agizo lenye kikomo humaanisha kwamba hatanunua juu ya bei aliyoitaja wala kuuza chini yake, hivyo agizo hukaa likingoja. Programu hulinganisha agizo na bei halisi, hukata ada ya dalali, hupunguza fedha na kuandika hisa. Mshiriki mwenye shilingi 1,000,000 za kubuni akinunua hisa 2,000 kwa shilingi 200, na ada ikiwa asilimia 2, atakuwa ametumia 408,000 na kubaki na 592,000. Bei ikifika 220, hisa zake zitahesabiwa kuwa na thamani ya 440,000 na akaunti yote itasomeka 1,032,000. Lakini akiuza atakatwa ada tena, 8,800, na kubaki na 1,023,200. Hesabu hiyo ndogo hufundisha jambo ambalo sanduku halilifundishi, kwamba faida iliyo kwenye skrini bado haijawa faida, na kwamba kila mzunguko wa kununua na kuuza una gharama yake. Kampuni ikitoa gawio, yaani sehemu ya faida inayolipwa kwa wenye hisa, mchezo uliotengenezwa vizuri huliongeza kwenye fedha za mshiriki, na mwisho wa muda uliopangwa washiriki hupangwa kwa thamani ya akaunti zao.

Udhaifu wa mchezo huonekana hasa katika soko dogo kama la Uganda, lenye kampuni zisizofika 20, baadhi yake zikiwa za Kenya zilizoorodheshwa pia Kampala. Agizo la mchezoni haliingii katika soko halisi, na kwa hiyo haliwezi kuisukuma bei. Mshiriki anaweza kuuza maelfu ya hisa za kampuni ambayo hisa zake hukaa siku nyingi bila mnunuzi, akalipwa papo hapo fedha za kubuni, wakati mwekezaji wa kweli angengoja kwa wiki au kushusha bei. Wepesi wa kugeuza mali kuwa fedha, ambao wataalamu huuita ukwasi, ndilo jambo ambalo mkulima wa kahawa aliyeuza maua analielewa kuliko mshindi yeyote wa mashindano, kwa sababu amelilipia. Udhaifu wa pili ni muda: shindano la miezi michache lenye zawadi kwa wa kwanza humshawishi mshiriki kuweka fedha zote katika kampuni moja inayoyumba, kwa kuwa akipoteza hana cha kulipa, ilhali akishinda anapata jina. Mashindano mengine hupunguza jambo hilo kwa kulazimisha hisa za kampuni kadhaa au kwa kuwataka washiriki waeleze kwa maandishi sababu za kununua na kuuza.

Tahadhari nyingine inahusu skrini yenyewe. Uganda imeshuhudia mipango ya udanganyifu iliyowaonyesha watu tarakimu zikipanda kila siku kwenye simu, na mtu aliyezoea mchezo anaweza kudhani kwamba ni kitu kimoja. Tofauti zinazopambanua ni tatu: mchezo wa kujifunza hauchukui fedha za mshiriki kama mtaji, bei zake zinaweza kulinganishwa na zile zinazotangazwa na soko lenye leseni, na tarakimu zake hushuka. Mpango usioshuka kamwe hauna soko nyuma yake, na wazee wa Katwe na wa Mpondwe waliokwisha kuona bei ya chumvi na ya faranga ikigeuka mara nyingi wangekuwa wa kwanza kuushuku.

Kwa kuitazama historia hii kwa jumla, mchezo wa kuigiza soko haukuja Kasese na Bwera kufundisha watu wasiojua kitu. Chumvi, kahawa na faranga zilikwisha kufundisha bei, na ushirika pamoja na sanduku la kufuli tatu zilikwisha kufundisha umiliki wa pamoja na uwajibikaji wa kila mmoja mbele ya wenzake; kilichokosekana ni mahali ambapo mtu angeweza kushika hisa na kuona bei yake ikisogea bila kuhatarisha ada ya shule. Kazi hiyo mchezo unaweza kuifanya vizuri zaidi ukiendeshwa ndani ya vikundi ambavyo tayari hukutana kila wiki na kuhesabu hadharani, kuliko ukiachwa kwa kijana mmoja na simu yake. Haiwezekani, hata hivyo, kuutaka urekebishe jambo ambalo Kilembe na Hima zililionyesha, kwamba kuielewa bei ni jambo moja na kuwa na mtaji wa kununua hisa zinazotokana na ardhi ya nyumbani ni jambo jingine, na hilo la pili hutegemea kahawa inauzwa kwa nani, wakati gani, na kama ilikuwa bado maua.